Harufu ya Arusi Mezani kwa Mwanafunzi

Usiku mmoja wa mwezi wa Septemba nilipita nyumbani kwa dada yangu, Kisauni, kumpelekea samaki. Nilipobisha alinifungulia mwenyewe, akaniwekea kidole mdomoni kunionya nisiseme kwa sauti, kwani mtoto alikuwa anasoma. Mtoto mwenyewe ni binti yake wa kidato cha nne, ambaye wakati huo alikuwa amebakiza wiki chache tu aingie katika mtihani wake wa KCSE. Nilinyamaza, lakini si kwa ajili ya onyo lile. Harufu iliyonipokea mlangoni ilinifanya nitazame huku na huku kama kuna mazulia mapya au wageni wa heshima, kwa maana nilidhani posa imeletwa na mimi, mjomba mtu, sikuambiwa.

"Kuna arusi hapa?" nikamwuliza.

"Arusi ya nani, kaka? Hiyo ni dawa ya mtoto ya kusomea."

Nikachungulia chumbani. Juu ya meza palikuwa na kitabu cha kemia, taa, na kijitungi cha umeme kilichokuwa kikifuka mvuke mwembamba mfano wa birika iliyo karibu kuchemka. Kando yake palikuwa na kichupa kisichozidi kidole cha shahada. Na mwanafunzi wetu? Alikuwa ameuweka uso wake juu ya kitabu, amelala fofofo.

Nilikitwaa kile kichupa nikakisoma. Kiliandikwa kwa herufi za kigeni, "Ylang-ylang". Nikakifungua, nikanusa, na hapo sikuweza kujizuia. Nilicheka hadi mtoto akaamka. "Shikamoo mjomba," akasema huku akijifuta uso, "sikulala, nilikuwa nafikiri." Nikamwitikia marahaba, nikamwambia asijali, kwani hata mimi ningefikiri hivyo hivyo katika harufu ile.

Basi, msomaji, kama wewe ni mtu wa pwani umekwisha fahamu kilichonichekesha. Hiyo "ylang-ylang" si kitu kingine ila langilangi letu. Lile ua la manjano lenye vidole virefu vilivyolegea, ambalo mama zetu walilichanganya na asumini na kilua kwa kumpambia bibi arusi. Dada yangu, aliyezaliwa na kulelewa Mji wa Kale, alitoa shilingi 1,800 kwa mafuta kiasi cha kijiko kidogo tu ili mwanawe apate akili ya kusoma kemia ndani ya harufu ya chumba cha maharusi! Dada huuza mahamri asubuhi, shilingi kumi moja. Hesabu mwenyewe ni mahamri mangapi yaliyokaangwa alfajiri ili kichupa kile kinunuliwe.

Sisemi haya ili kumdhihaki. Mzazi ambaye mtoto wake anakaribia mtihani ni kama mtu anayezama, hushika hata jani. Aliyemwuzia, katika duka moja la mjini, alimwambia ya kuwa mafuta yale "huituliza akili na kuikusanya mahali pamoja", na dada aliona neno hilo ni la maana. Hasira yangu haiko kwake. Iko kwa biashara hii mpya ya kuuza harufu iliyong'olewa katika mahali pake, ikapewa jina la kigeni, halafu ikapewa kazi ambayo haikuumbiwa.

Nisieleweke vibaya. Mimi si katika wale wanaosema harufu ni upuuzi na mambo ya wanawake. Mtu aliyelelewa na bibi kama wangu hawezi kusema hivyo. Katika nyumba ya bibi kila saa ilikuwa na harufu yake, na mtoto kipofu angeweza kukwambia ni siku gani na kuna jambo gani. Alhamisi jioni kulifukizwa ubani. Ijumaa nguo zilitandazwa juu ya tege, chetezo kikawekwa chini, nazo zikapata moshi wa udi kabla ya kuvaliwa. Mgeni wa maulidi alirushiwa marashi ya mawaridi kwa mrashi wa fedha. Kikuba cha rehani kilibanwa kifuani kwa kwenda shughulini. Liwa na dalia zilikuwa za mwili wa bibi arusi, na langilangi lilikuwa la nywele na la kitanda. Hakuna aliyekosea. Kama mwanamke angefukiza udi wa arusi msibani, watu wangelizungumza jambo hilo mwaka mzima.

Huo ulikuwa mpango, na mpango huo ulikuwa ni elimu, ijapokuwa haukuandikwa. Wazee walijua kuwa harufu humgeuza mtu hali yake: kuna ya kumwamsha na ya kumlegeza, kuna ya kumkumbusha wafu wake na ya kumsahaulisha uchovu. Hata kusoma kulikuwa na harufu yake. Chuoni, mtoto aliyekuwa mzito wa kuhifadhi alifanyiwa kombe: mwalimu aliandika aya ndani ya sahani kwa wino wa zafarani, akaiosha kwa maji au kwa marashi ya mawaridi, na mtoto akanywa. Mimi nililinywa mara mbili. Kama lilinisaidia au halikunisaidia sijui, bali mpaka leo nikisikia harufu ya zafarani katika pilau ya arusini, miguu yangu hujikunja yenyewe kama niliye juu ya mkeka mbele ya mwalimu.

Jambo hili la miguu kujikunja lina maelezo yake, na wataalamu wamelishughulikia sana. Harufu huingia juu kabisa ya pua, na mishipa iliyopo hapo hupeleka habari ubongoni karibu moja kwa moja, kwenye sehemu zinazohusika na kumbukumbu na hisia za moyo. Habari za macho na masikio huzunguka kwanza kabla ya kufika huko. Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2004 kwa kufumbua jinsi pua inavyotambua harufu. Utafiti wao mkuu waliutoa mwaka wa 1991. Binadamu ana vipokezi vya harufu vya aina zipatazo 400, na kwa mchanganyiko wa hivyo hutambua manukato na uvundo wa kila namna.

Naye Frank Schab, alipokuwa Chuo Kikuu cha Yale, alichapisha mwaka wa 1990 majaribio ya kufurahisha. Aliwapa wanafunzi orodha ya maneno katika chumba kinachonukia chokoleti, na kesho yake akawauliza ghafla wayakumbuke. Waliosikia tena harufu ile ile ya chokoleti siku ya kuulizwa walikumbuka maneno mengi kuliko wengine. Kwa hiyo zafarani yangu haikuwa ndoto. Harufu inaweza kufungwa pamoja na jambo, na ikirudi hulivuta jambo lile nyuma yake, kama kamba ya ndoo kisimani.

Sasa tuje kwenye mafuta yenyewe. Biashara ya kuyafanya tiba ilipata jina lake kwa Mfaransa mmoja mwanakemia, René-Maurice Gattefossé, aliyetoa kitabu chake mwaka wa 1937. Tangu hapo madai yamekuwa mengi kuliko vichupa. Lakini wako watu waliokaa chini wakapima. Katika Chuo Kikuu cha Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, Mark Moss na wenzake walikusanya watu 144 mwaka wa 2003, wakawagawa makundi matatu: wengine wakafanya majaribio ya kumbukumbu na wepesi wa akili katika vyumba vilivyotiwa mafuta ya rozimari, wengine ya lavenda, na wengine katika vyumba visivyo na harufu. Wale wa rozimari walikuwa macho zaidi na ubora wa kumbukumbu zao ulipanda, ingawa kasi yao ya kukumbuka ilipungua. Wale wa lavenda kumbukumbu ya kazi ya papo kwa papo ilishuka na wakawa wazito wa kujibu.

Miaka mitano baadaye, yaani 2008, watu hao hao wa Northumbria walitoa jaribio jingine la watu 144. Safari hii walipima mafuta mawili: nanaa kali, ile itiwayo katika peremende, na jingine ni hilo hilo langilangi letu. Nanaa iliongeza kumbukumbu na kuwaweka watu macho. Langilangi liliwafanya watu wawe watulivu zaidi, likapunguza kumbukumbu zao, na likapunguza kasi ya fikira.

Nilimsomea dada habari hii siku ya pili yake. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi mama alijua." Naam, mama alijua, na mama yake pia. Ndiyo maana ua lile liliwekwa kitandani. Bibi arusi wa zamani, aliyechukuliwa akakabidhiwa mume ambaye pengine hakuwahi kusema naye, alihitaji kutulizwa moyo kuliko alivyohitaji kumbukumbu kali. Wanawake wa pwani hawakuhitaji watu 144 ili walijue hilo. Lakini nashukuru kwamba watu hao walipatikana, kwa kuwa vijana wetu siku hizi hawaamini neno la bibi mpaka lipitie Ulaya na kurudi.

Mlangilangi wenyewe asili yake ni visiwa vya kusini mashariki ya Asia, ukavuka bahari hadi visiwa vya huku kwetu, na leo Ngazija na ndugu zake wa Komoro ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mafuta yake ulimwenguni. Maua huchumwa asubuhi na mapema, kabla jua halijayanyang'anya harufu, yakatiwa katika mtambo wa kukeneka kwa mvuke. Kiasi cha kilo 50 za maua hutoa kama kilo moja ya mafuta. Yale yanayotoka mwanzo ndiyo bora, hununuliwa na watengenezaji wa manukato wa Ufaransa. Hata yale manukato mashuhuri ya Chanel No. 5, yaliyotolewa mwaka wa 1921, yamo langilangi. Haya ni mambo ya kujivunia. Si haya ya kulala juu ya kitabu cha kemia.

Lakini je, angekuwa amenunua rozimari badala ya langilangi, ningenyamaza? Hapa nataka kusema polepole, kwa sababu nimekwisha ona watu wakisoma habari ya majaribio kama hayo na kukimbilia dukani siku ile ile.

Majaribio haya ni ya muda mfupi, ya watu wazima wanaoketi chumbani mara moja na kujibu maswali ya kompyuta. Jingine la Northumbria, la mwaka wa 2012, lilipima damu za watu 20 tu waliokaa katika harufu ya rozimari, wakaona kadiri kiungo kiitwacho sineoli kilivyozidi katika damu, ndivyo mtu alivyofanya vizuri zaidi katika hesabu za kutoa. Ni habari nzuri sana kwa wataalamu. Kwa mzazi wa Kisauni bado ni habari ya watu 20 waliotoa namba kutoka kwa namba. Hakuna aliyewapa mtihani wa miaka minne. Tena pua ina tabia moja ambayo muuza kijitungi hakwambii: huzoea. Ingia nyumba yenye udi, utausikia mara moja. Keti robo saa, hutausikia tena mpaka utoke nje na kurudi. Sasa kijitungi kinachofuka usiku kucha kinamfukizia nani?

Na hiyo sineoli yenyewe si mgeni wa kununuliwa kwa vichupa. Imo katika majani ya mkaratusi, hasa ule wa aina ya globulasi. Mikaratusi ililetwa Kenya mwaka wa 1902 ili iwe kuni za magari ya moshi ya reli, na tangu hapo ni nani katika nchi hii ambaye hakuwahi kuingizwa ndani ya blanketi na sufuria ya majani yake alipokuwa na mafua? Huko Kakamega, wakulima wa Muliru, kando ya ule msitu, wanapanda mmea wa jamaa ya rehani unaoitwa mwonyi, wanakeneka mafuta yake na kutengeneza dawa ya kujipaka iitwayo Naturub. Kisiwani Pemba, pale Wawi karibu na Chake Chake, kiwanda cha shirika la biashara la serikali ya Zanzibar hukeneka mafuta ya makonyo ya karafuu, na hata ya mchaichai. Yaani mafuta tunayo, mitambo tunayo, na ujuzi tunao. Tulichokosa ni kuamini kwamba kitu kinachoota uani kinaweza kuwa na thamani kabla hakijaandikwa jina tusiloweza kulitamka.

Liko pia jambo la hatari, nami siwezi kulipita. Mafuta ya kukeneka si maji ya marashi. Tone moja limekusanya majani mengi. Yakipakwa matupu huweza kuunguza ngozi. Mafuta ya mkaratusi au ya kafuri yakimezwa na mtoto mdogo, hata kidogo, yanaweza kumtia kifafa au kumpoteza fahamu, na nanaa kali ikipakwa karibu na pua ya mtoto mchanga yaweza kumziba pumzi. Mwenye pumu pia asifungiwe katika mvuke wa mafuta wala moshi wa udi. Nimeona nyumba ambamo kichupa huwekwa dirishani pamoja na dawa ya kikohozi, na mtoto wa miaka miwili anatembea. Dada yangu ana mjukuu wa umri huo, na kichupa chake kilikuwa mezani.

Turudi kwa mwanafunzi. Nilimkalisha, nikamwuliza analala saa ngapi. Akasema saa nane za usiku. Anaamka saa ngapi? Saa kumi na moja, awahi matatu. Nikamwuliza alikula nini jioni, akatazama chini. Nikamwuliza anaona ubao vizuri, akasema akikaa mbele huona. Akikaa nyuma je? "Nyuma hukaa wavulana, mjomba." Hayo ndiyo majibu yake. Mtoto halali ila saa tatu, hali vizuri, na pengine macho yake yanataka miwani. Nasi tunamfukizia langilangi. Hata angefukiziwa rozimari yote ya Ulaya, akili isiyolala haikusanyiki. Hili halihitaji mtaalamu wa Northumbria. Lakini duka haliuzi usingizi.

Nikamwambia dada hivyo, naye akanijia juu kidogo, kama ilivyo haki yake. "Wewe kaka unasema lala, lala. Wenzake hawalali. Nikimwambia alale, akianguka mtihani utakuja wewe umlipie chuo?" Sikuwa na jibu la haraka, wala sasa sina jibu lililo kamili. Mtihani mmoja ukipewa uzito wa maisha mazima, wazazi watanunua chochote kitakachouzwa karibu nao. Leo ni mafuta. Jana ilikuwa vidonge vya kukesha, na kabla ya hapo ilikuwa hirizi. Nadhani mwuza mafuta ni mwema kuliko hao wengine, maana angalau bidhaa yake inanukia.

Tulikubaliana mambo machache siku ile, kwa mabishano. Kwamba saa nne za usiku kitabu kifungwe. Kwamba Jumamosi nimpeleke kupimwa macho, gharama juu yangu. Na kwamba, kwa kuwa mama mtu hakutaka kuiacha harufu kabisa, na mimi sikutaka aiache, tupande mrehani katika mkebe na kuuweka dirishani mwa chumba cha kusomea. Anapoanza kusoma hukata jani moja, akalisugua kati ya vidole, akanusa, basi. Siwezi kudai kwamba rehani itamfundisha kemia. Nilimweleza habari ya Schab na chokoleti yake, kwamba akiizoeza akili yake harufu moja wakati wa kusoma, pengine harufu ile ile itamsaidia siku ya mtihani. Akacheka, akauliza kama msimamizi atamruhusu kuingia na jani. Nikamwambia aliponde katika leso yake ya mkononi. Msimamizi atakayeisoma leso ya rehani na kukuta ndani yake majibu ya kemia atakuwa ni mtu wa ajabu.

Alipimwa macho. Anahitaji miwani, tena si hafifu, na imegharimu zaidi ya vichupa viwili vya yale mafuta. Sasa hukaa popote darasani, hata nyuma na wavulana. Mtihani ninapoandika haya haujaanza, kwa hiyo sina la kusema juu ya alama.

Ama kichupa chenyewe, dada alitaka kukitupa kwa hasira, nikamkataza, kwa maana mali ni mali na langilangi halina kosa. Alikifunga katika kitambaa akakiweka sandukuni, katikati ya kanga zake za kutokea. Ijumaa iliyopita nilipita tena baada ya Isha, nikamkuta amevaa moja ya kanga zile. Shemeji naye, ambaye siku zote saa hiyo huwa yuko barazani na wenzake akicheza bao, alikuwa ameketi sebuleni anakunywa kahawa ya pili, wala hakuonyesha dalili yoyote ya kutaka kutoka. Nikawaachia samaki, nikaaga.